Afrika Mashariki Iihesabu Anga Yake ya Juu

Tarehe 30 Desemba 2024, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, nchini Kenya. Upana wake ulikuwa mita 2.5 hivi na uzito wake takriban kilo 500. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilifika, likaichukua na kutangaza kwamba ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi, kitu ambacho kwa kawaida huungua kinaporudi kwenye angahewa au huangukia baharini, mbali na watu. Safari hii hakikuungua na hakikuangukia baharini.

Kwa nini ni vigumu kujua mapema kitu cha namna hiyo kitaanguka wapi? Sababu kubwa ni hewa. Wengi wamezoea kudhani kwamba kilomita 200 au 400 juu ya ardhi hakuna kitu ila utupu. Hewa ipo huko, nyembamba mno, lakini inatosha kukipunguzia kasi kila kinachopita. Kitu kilicho kwenye obiti ya chini husafiri karibu kilomita 28,000 kwa saa. Anayekadiria wakati wa kuanguka kwake akikosea kwa saa moja tu, amekosea kwa umbali unaozidi nusu ya mzunguko wa dunia. Mei 2021 dunia ilishuhudia hali hiyo wakati mabaki ya roketi ya China, Long March 5B, yalipokuwa yakishuka bila mwongozo wowote. Siku chache kabla hayajaanguka, wataalamu bado walikuwa wakitaja muda wenye tofauti ya saa nyingi. Tarehe 9 yakaingia Bahari ya Hindi karibu na Maldives.

Kwa hiyo elimu ya anga ya juu, ile inayotumia data za setilaiti na modeli za kompyuta, si anasa ya mataifa tajiri. Afrika Mashariki imekaa chini ya sehemu ya anga hiyo yenye vurugu nyingi kuliko karibu zote, iliwahi kutoa mahali pa kuipimia, na sasa imewaachia wengine kuihesabu. Hilo linapaswa kubadilika, na kulibadilisha hakuhitaji roketi.

Ujuzi wenyewe ulianza kwa njia ambayo haikupangwa. Sputnik iliporushwa tarehe 4 Oktoba 1957, Desmond King-Hele na wenzake huko Farnborough, Uingereza, walianza kufuatilia jinsi obiti yake ilivyokuwa ikipungua. Kutokana na upungufu huo wakakokotoa uzito wa hewa ya juu, na hesabu zilipokamilika ikaonekana kwamba hewa huko ni nzito kuliko ilivyodhaniwa. Luigi Jacchia, Mwitaliano aliyekuwa akifanya kazi Marekani, akagundua jambo la ajabu zaidi: setilaiti za mwanzo hazikuwa zikishuka kwa mwendo mmoja. Zilikuwa zikiongeza na kupunguza mwendo wa kushuka kwa mpigo wa siku 27 hivi, muda ule ule ambao jua hutumia kujizungusha likitazamwa kutoka duniani. Jua ndilo lililokuwa likiiamuru hewa ile. Likichafuka, mionzi yake ya urujuanimno hulipasha moto tabaka la themosfia, nalo huumuka kama unga wa mandazi uliotiwa hamira. Hewa ya chini hupanda, na setilaiti iliyokuwa ikipita kwa wepesi hujikuta ikikata hewa nzito. Katika kimo cha kilomita 400, uzito wa hewa wakati jua limechachamaa unaweza kufika mara kumi ya ule wa wakati limetulia.

Hapo ndipo Malindi inapoingia, na inasikitisha kwamba habari hii haisimuliwi mara nyingi katika madarasa ya Kenya.

Katika miaka ya 1960 profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma alikuwa akitafuta mahali pa kurushia roketi karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisaidia roketi kwa kasi ya ziada na setilaiti inaweza kuwekwa kwenye obiti inayoifuata ikweta yenyewe. Akaichagua Ghuba ya Ungwana, mbele ya Ngomeni, kaskazini ya mji wa Malindi. Majukwaa mawili ya chuma, San Marco na Santa Rita, yakasimamishwa baharini. Tarehe 26 Aprili 1967 roketi ya Scout iliondoka hapo ikiwa imebeba setilaiti ya San Marco 2. Wanaoyafahamu majukwaa hayo huyakumbuka zaidi kwa ajili ya Uhuru, setilaiti ya Marekani iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, na ambayo ilikuwa ya kwanza kutengwa kwa uchunguzi wa eksirei kutoka kwenye nyota. Sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo, setilaiti za San Marco zenyewe zilikuwa na kazi iliyo karibu zaidi na maisha ya watu wa pwani ile: zilipima hewa iliyo juu ya vichwa vyao.

Namna zilivyopima inafaa kuelezwa, kwa kuwa ni ubunifu mzuri. Setilaiti ilikuwa tufe. Ganda lake la nje liliungwa na kiini cha ndani kwa vishikizo vinavyonyumbuka. Hewa ilipolisukuma ganda, ganda lilisogea kidogo sana kuelekea kwenye kiini, na kifaa kikapima msogeo huo. Broglio hakuhitaji kungoja siku nyingi aone obiti imepungua kiasi gani. Aliusoma msukumo wa hewa papo hapo, setilaiti ikiwa inapita.

San Marco 3, iliyorushwa tarehe 24 Aprili 1971, ilibeba pia kifaa cha kutenganisha na kuhesabu aina za gesi. Vipimo vyake havikuishia kwenye kabati. Mwaka 1977 Alan Hedin wa NASA na wenzake walichapisha modeli waliyoiita MSIS, inayokokotoa joto na mchanganyiko wa gesi za anga ya juu kwa mahali popote, siku yoyote na saa yoyote. Walitumia data za setilaiti tano, San Marco 3 ikiwa mojawapo, pamoja na rada nne za ardhini. Vizazi vya modeli hiyo bado vinatumika kila siku duniani kote, kuanzia kwa wanaopanga obiti za setilaiti hadi kwa wanaokadiria mabaki ya roketi yatarudi lini. Ndani ya hesabu hizo imo hewa iliyopimwa na chombo kilichoondoka Ungwana.

Zile rada nne zilikuwa Arecibo huko Puerto Rico, Jicamarca nchini Peru, Millstone Hill nchini Marekani na Saint-Santin nchini Ufaransa. Bara la Afrika halikuwa na hata moja.

Pengo hilo ndilo kiini cha tatizo, na ili kulielewa ni lazima kujua modeli hufanya nini. Zipo za namna mbili. MSIS ni ya namna ya kwanza: hukusanya vipimo vya miaka mingi na kutafuta kanuni inayovifuata, kisha hutumia kanuni hiyo kujibu swali la mahali ambapo hakuna aliyepima. Kompyuta ndogo ya mwanafunzi inaweza kuiendesha kwa sekunde chache. Namna ya pili huanza na sheria za fizikia. Modeli ya TIE-GCM, iliyojengwa na Raymond Roble na wenzake katika kituo cha taifa cha utafiti wa angahewa cha Marekani huko Boulder, Colorado, huigawa anga kuanzia kimo cha kilomita 97 hivi na kuendelea juu, kwa vyumba vyumba, kisha katika kila chumba hukokotoa upepo, joto, gesi, elektroni na nguvu za umeme, dakika baada ya dakika. Programu yake imeachwa wazi kwa yeyote anayetaka kuitumia.

Zote mbili zinahitaji kuambiwa hali ya jua na ya sumaku ya dunia. Nguvu ya jua hupimwa kwa mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita 10.7, kazi inayofanyika nchini Kanada tangu mwaka 1947. Msukosuko wa sumaku hutolewa kwa kipimo kiitwacho Kp, kinachokusanywa kutoka vituo 13 na kutangazwa kutoka Potsdam, Ujerumani. Hakuna kituo cha Afrika katika vile 13, maana kipimo hicho kilibuniwa kwa ajili ya latitudo za mbali na ikweta. Anayeitegemea modeli inayolishwa hivyo anaitazama anga ya ikweta kwa mbali.

Nayo anga ya ikweta ina mambo yake. Mwaka 2006 Thomas Immel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akiwa na wenzake, alichapisha picha za mionzi ya urujuanimno kutoka setilaiti ya NASA iitwayo IMAGE. Zilionyesha mikanda miwili inayong'aa usiku, mmoja kaskazini na mwingine kusini ya ikweta ya sumaku, ambako elektroni hurundikana. Lililowashangaza ni kwamba mikanda hiyo haikung'aa sawasawa. Ilikuwa na vilele vinne kuizunguka dunia, na vitatu kati yake vilikuwa juu ya bonde la Amazon, bonde la Kongo na Indonesia. Kwa nini misitu ya mvua ing'are angani? Jibu lilitoka kwenye modeli. Maura Hagan, mtaalamu wa Boulder, alikuwa na modeli ya mawimbi makubwa ya hewa yanayozalishwa na joto la ngurumo na mvua za kitropiki. Modeli ikaonyesha mawimbi hayo yakipanda hadi kimo cha kilomita 100 na zaidi, yakibadilisha mkondo wa umeme wa huko, na kuipangilia upya mikanda ya juu kabisa. Setilaiti peke yake ingetoa picha isiyo na maelezo. Modeli peke yake ingebaki nadharia. Zilipokutana, ikajulikana kwamba mvua inayonyesha Kisangani ina mkono katika kilichopo kilomita 300 juu yake.

Ushirikiano wa namna hiyo kati ya kipimo na hesabu ndio unaokosekana juu ya Afrika Mashariki. Ikweta ya sumaku hailingani na ile ya ramani. Barani Afrika hupita kaskazini zaidi, ikikatiza Ethiopia. Hiyo ina maana kwamba mkanda wa kusini wa elektroni huelekea kuwa juu ya Tanzania, huku Kenya ikikaa kwenye mteremko ulio kati. Jua likishatua, sehemu ya chini ya tabaka hili la elektroni, liitwalo ionosfia, hutibuka na kutoa mapovu makubwa yasiyo na elektroni nyingi, yanayopanda mamia ya kilomita. Mawimbi ya GPS yakipenya kwenye mapovu hayo hutetemeka, na kipokezi kinaweza kuipoteza setilaiti kabisa. Katika kanda hii hali huwa mbaya zaidi kati ya magharibi na usiku wa manane, hasa miezi ya Machi na Aprili na ile ya Septemba na Oktoba, katika miaka ambayo jua limechangamka.

Kila simu yenye GPS mkononi mwa abiria wa daladala au matatu tayari inatumia modeli ya anga ya juu. Setilaiti za GPS hurusha namba nane zinazotumika katika kanuni iliyotungwa na Mmarekani John Klobuchar, na kwa namba hizo simu husahihisha ucheleweshaji wa mawimbi yanapopita kwenye ionosfia. Kanuni hiyo iliundwa iwe nyepesi, nayo huondoa takriban nusu ya kosa. Nusu nyingine hubaki, na karibu na ikweta kosa lenyewe ni kubwa kuliko Ulaya. Kwa dereva anayetafuta mtaa, hilo si kitu. Kwa mpima ardhi anayeweka mpaka wa kiwanja, au kwa ndege isiyo na rubani inayopeleka damu hospitalini kama zile zinazoruka Rwanda tangu mwaka 2016, mita chache ni jambo zito.

Gharama ya kutojua imeshaonekana kwingine, tena kwa kampuni yenye kila uwezo. Tarehe 3 Februari 2022 SpaceX ilirusha setilaiti 49 za Starlink na kuziacha kwanza kwenye kimo cha kilomita 210 hivi. Siku iliyofuata ilikuja dhoruba ya sumaku ambayo kwa viwango vya wataalamu ilikuwa ndogo tu. Hewa iliumuka, ukinzani ukapanda kwa kiasi cha hadi asilimia 50 kuliko katika marusho ya awali, na sehemu kubwa ya setilaiti hizo, karibu 40, zikashindwa kupanda na kuungua. Tangu hapo kampuni hiyo imekuwa ikishirikiana na watabiri wa serikali ya Marekani ili modeli ziboreshwe. Ilijifunza kwa hasara.

Nchi za kanda hii nazo zimo kwenye hewa hiyo. 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2018, RwaSat-1 ya Rwanda mwaka 2019 na PearlAfricaSat-1 ya Uganda mwaka 2022 zote ziliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, katika kimo cha kilomita 400 hivi, na hewa nyembamba ya huko ndiyo iliyoamua zingeishi muda gani. Taifa-1 ya Kenya, iliyorushwa Aprili 2023 kwa gharama iliyotajwa kuwa shilingi milioni 50 za Kenya, iliwekwa juu zaidi. Kila moja ilipokelewa kwa furaha ya haki. Lakini bajeti inayonunua setilaiti bila kumsomesha anayeweza kukokotoa hewa itakayoivuta chini ni bajeti pungufu.

Kuna jambo jingine la muda mrefu, nalo halizungumzwi vya kutosha. Mwaka 1989 Roble yule yule wa TIE-GCM, pamoja na Robert Dickinson, walitumia modeli kuuliza nini kitatokea juu iwapo kabonidioksidi na methani zitaongezeka maradufu. Jibu lilikuwa kinyume cha hali ya ardhini: themosfia itapoa kwa nyuzi 50 hivi, kwa kuwa huko juu kabonidioksidi hutupa joto nje badala ya kulizuia. Miaka iliyofuata, rekodi za obiti za maelfu ya vitu zikathibitisha kwamba hewa ya juu inazidi kuwa nyepesi. Hewa nyepesi haifagii takataka. Mabaki ya roketi na setilaiti zilizokufa hukaa muda mrefu zaidi, na uwezekano wa kugongana huongezeka. Utafiti ulioongozwa na wataalamu wa MIT na kuchapishwa Machi 2025 ulikadiria kwamba, gesi zikiendelea kutolewa kwa wingi, idadi ya setilaiti zinazoweza kukaa salama kwenye obiti za chini inaweza kupungua kwa nusu au hata theluthi mbili ifikapo mwaka 2100. Nchi zinazochelewa kupata nafasi angani ndizo zitakazokuta imejaa.

Sasa, nini kifanyike? Data za setilaiti tayari zipo, na nyingi ni za bure. Setilaiti sita za COSMIC-2, mradi wa Taiwan na Marekani uliorushwa Juni 2019, huzunguka kwenye ukanda wa tropiki na kupima elektroni maelfu ya mara kwa siku kwa kuangalia jinsi mawimbi ya GPS yanavyopinda. Swarm, setilaiti tatu za Ulaya zilizoko angani tangu mwaka 2013, hupita juu ya Dodoma na Nairobi zikipima sumaku na elektroni. NASA ina kituo katika jimbo la Maryland kinachopokea maombi ya mtafiti kutoka nchi yoyote na kumwendeshea modeli kubwa bila malipo. Mlango uko wazi. Wanaoupita kutoka Afrika Mashariki ni wachache mno.

Kisichoweza kupatikana bure ni jicho linalokaa mahali pamoja. Setilaiti hupita kwa dakika chache na kwenda zake, ilhali povu la ionosfia huishi kwa saa kadhaa. Kipokezi kilichofungwa juu ya paa huliona likizaliwa, likipita na kufa. Vituo vya mtandao wa kimataifa wa GPS vimekuwapo Malindi, Eldoret, Mbarara na Kigali, na vimetumika katika tafiti nyingi. Ni vichache kwa eneo lenye ukubwa huu.

Habari njema ni kwamba vipokezi vingine vingi vipo tayari, ila havihesabiwi. Mamlaka za ardhi katika nchi kadhaa za kanda zina vituo vya kudumu vya GPS kwa ajili ya upimaji wa viwanja. Mawimbi yale yale yanayompa mpima ardhi nafasi yake humwambia mwanafizikia idadi ya elektroni zilizopo kati ya kituo na setilaiti. Hakuna kifaa kipya cha kununua. Kinachohitajika ni data hizo zihifadhiwe na vyuo viruhusiwe kuzisoma. Amri moja ya katibu mkuu wa wizara katika kila nchi ingezaa mtandao ambao watafiti wangeuomba kwa wafadhili kwa miaka mingi bila kuupata. Makala haya yanazisihi wizara hizo zifanye hivyo mwaka huu.

Kompyuta pia si kikwazo kama inavyosemwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na idara ya hali ya hewa ya Kenya zimekuwa zikiendesha modeli za utabiri kwa miaka, na kituo cha tabianchi cha IGAD, ICPAC, kilichoko viungani mwa Nairobi, kina mitambo mikubwa ya kukokotoa. Anayejua kuendesha modeli ya mvua ameshapita nusu ya njia ya kuendesha modeli ya themosfia. Hisabati ni jamaa moja.

Wapo watakaosema kwamba nchi zenye uhaba wa maji na dawa hazina haki ya kuhangaika na kilomita 300 juu. Hoja hiyo ina uzito, na ingeshinda kama linaloombwa lingekuwa roketi. Linaloombwa ni mishahara ya watafiti wachache, nafasi za masomo, na data ambazo serikali tayari inazikusanya. Afrika Kusini imeonyesha njia: kituo cha shirika lake la anga kilichoko Hermanus hufuatilia hali ya anga ya juu usiku na mchana tangu Novemba 2022, na hutoa tahadhari kwa usafiri wa ndege. Hermanus iko mbali na ikweta ya sumaku, na mapovu ya jioni yanayoisumbua Dar es Salaam hayazaliwi huko. Kituo kingine cha Afrika, kinachoelewa tabia ya ikweta, kinafaa kuwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Malindi, yenye ardhi, antena na historia, inastahili kufikiriwa kwanza.

Oktoba 2024 NASA na wataalamu wenzao wa Marekani walitangaza kwamba jua limefika kipindi cha kilele chake. Miezi mitano kabla ya hapo, dhoruba ya sumaku ya tarehe 10 Mei, ya kwanza kufika daraja la juu kabisa tangu mwaka 2003, ilikuwa imevuruga GPS za matrekta katika mashamba ya Marekani wakati wa kupanda. Kwa mwendo wa kawaida wa miaka 11, kilele kingine kitakuja katikati ya miaka ya 2030. Mwanafunzi anayeanza mwaka wa kwanza wa fizikia hivi sasa huko Kilifi, Dodoma, Mbarara au Bujumbura anaweza kuwa amemaliza shahada ya uzamivu ifikapo wakati huo, akiwa na miaka kadhaa ya data za kwao na modeli aliyoirekebisha kwa anga ya kwao, iwapo vyuo vitafungua nafasi hiyo katika bajeti inayofuata.